Siku Timu ya Orhani Iliposhuka Daraja

Turubai likinyeshewa na mvua kisha likapigwa na jua hutoa harufu nzito ya mafuta na vumbi lililoloa, na mimi popote ninapoinusa, hata iwe juu ya lori la kabichi linaloteremka kutoka Mgeta, masikio yangu husikia kelele za mpira. Kibanda umiza cha mjomba wangu Kobelo, alichoonyeshea mechi kwa kiingilio, kilikuwa Kihonda, pembeni mwa mji wa Morogoro, kuta zake za mabanzi na paa lake nusu bati nusu turubai. Ndani kulikuwa na mabenchi ambayo hayakupigwa randa vizuri, yakararua suruali za watu wazima wenye heshima zao, na runinga moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la nondo isije ikaibwa. Nyuma ya kibanda mama yangu alipika wali, maharage na ndizi mbichi zilizotoka Kinole, kijiji cha milimani alikozaliwa yeye na mjomba. Masika ninayoyasimulia nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Mvua ilishuka kutoka Uluguru karibu kila alasiri, na turubai lile lilipoanza kupigwa na matone ya kwanza tulikuwa tunaongeza sauti ya runinga. Mimi nilikuwa na nafasi yangu ya kudumu kwenye benchi la mbele, na sikuwa tayari kumwachia mtu, kwa sababu sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa hiyo kibanda kile nilikihesabu kuwa cha kwangu.

Waturuki walikuja mjini kwetu na reli. Ile reli ya umeme ilipokuwa ikijengwa, walikuwa na kambi yao si mbali na hapo, na wengi wao tuliwaona kwenye magari tu, wamevaa kofia ngumu na fulana za rangi ya machungwa, wakipita na vumbi lao. Jumapili moja mmoja wao akasimama mlangoni pa kibanda, mtu wa kifua kipana na masharubu yaliyoanza kuota mvi, amekumbatia kompyuta yake ndogo kifuani isilowe. Jina lake lilikuwa Orhani. Kazi yake ilikuwa kuchomelea reli ziungane, na mikono yake ilikuwa na alama za cheche mpaka kwenye viwiko. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa vibarua, hivyo maneno yake ya kwanza mle kibandani hayakuwa ya kusemwa mbele ya watoto, na mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona nani huyo. Alichotaka kilikuwa kidogo. Kambini, alisema, wenzake walikuwa wameshika runinga wakitazama timu kubwa za Istanbul, na yeye alitaka kuitazama timu ya kwao. Mjomba akamruhusu achomeke waya wa kompyuta kwenye runinga, kwa kuwa saa ile hapakuwa na mechi nyingine ya maana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuanzia siku hiyo Jumapili zetu zikawa za Uturuki, na bahati nzuri saa yao na yetu ni moja, mechi zikaanguka mchana au jioni mapema, nami sikukatazwa kuzitazama.

Orhani alitueleza kwamba kwao mtoto huzaliwa akiwa tayari na timu mojawapo ya zile kubwa za Istanbul, hata awe amezaliwa mwisho wa nchi, na wakwe huweza kununiana mwaka mzima kwa sababu ya mechi moja. Hilo halikutushangaza hata kidogo. Nchi yetu nayo imegawanyika pande mbili za Dar es Salaam, na mtu anaweza kubadili dini kabla hajabadili timu. Kilichotushangaza ni kwamba Orhani hakuwa na timu ya Istanbul. Yeye alikuwa na moja tu, ya mji wao mdogo kando ya Bahari Nyeusi, mji ulioegemea milima inayolimwa chai, wenye ukungu na njia za miguu zilizosimama wima. Alipoitazama Uluguru, alisema, alikuwa anaona kwao bila bahari. Timu yenyewe ilikuwa dhaifu. Ilikuwa inapigana isishuke daraja, ikifungwa huku, ikitoa sare kule, na golikipa wake alikuwa na mazoea ya kutoka golini bila sababu. Mjomba aliipenda mara moja. Wazee wa Morogoro hawajachoka kusimulia enzi ambazo mji wetu wa viwanda ulikuwa na timu zilizowatetemesha watu wa Dar, na nadhani mjomba alipoona mji mdogo unaong'ang'ana na wakubwa alijiona yeye mwenyewe.

Timu ya taifa ya Uturuki ilipocheza, kibanda kilijaa pomoni. Wengine walikuja kwa ajili ya ule mwezi na nyota kwenye jezi nyekundu, wengine kwa kuwa si vizuri kumshangilia adui wa mtu uliyekaa naye benchi moja. Wimbo wao wa taifa ulipopigwa Orhani alisimama wima, akageuka, akatutazama mpaka nasi sote tukasimama, mama naye akiwa na sufuria mkononi. Siku nyingine alileta birika zake mbili, moja hukaa juu ya nyingine, akapika chai nyeusi chungu akatugawia kwenye vibilauri vidogo. Chai ya mama yenye maziwa na mdalasini wa Kinole yeye aliiita uji. Mama akamwambia ya kwake ni dawa ya minyoo. Walibishana hivyo msimu mzima, na kila mmoja alikunywa ya mwenzake.

Katika kupiga soga hizo ndipo mjomba alipotangaza kwamba Orhani ni mtani wake. Hapa inafaa nieleze, kwa sababu siku hizi neno utani limekuwa jepesi. Kwetu utani ni mkataba wa wazee. Kuna makabila na koo ambazo zina ruhusa ya kukutukana, kukuchukulia kitu chako, kukucheka mbele ya wakwe zako, nawe huruhusiwi kukasirika. Unangoja zamu yako. Ukifiwa, mtani wako ndiye anayekuja kuvuruga msiba. Anavaa nguo za marehemu, anaiga alivyokuwa akitembea, anazuia jeneza njiani au analala kaburini mpaka apewe chochote, hata kuku. Watu wanacheka na machozi bado yako mashavuni. Na huyo huyo mtani ndiye anayechimba na kufukia. Mjomba alisema watu wa milima na watu wa milima hawawezi kuwa wageni, basi wawe watani, na akamweleza Orhani mambo hayo kwa dakika tano, haraka haraka, wakati wa mapumziko ya mechi. Orhani akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na desturi ya kuitikia kila neno asilolijua. Mjomba akampa mkono, na kwa upande wake jambo likawa limekwisha.

Mechi ya mwisho ya msimu ilichezwa mvua za masika zikiwa zinakatika. Timu ya Orhani ilihitaji sare tu ibaki. Alikuja na skafu ya timu, ya sufu, imechakaa nyuzi, akaivaa shingoni katika joto lile la Kihonda na jasho likimtiririka. Kibanda kizima kilikuwa upande wake, hata wauza mitumba ambao hawakujua jina la mchezaji mmoja. Timu yake ilitangulia kufunga. Tukapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Kipindi cha pili wakarudishiwa, na dakika zikiwa zimekwisha kabisa golikipa akatoka golini kama kawaida yake, mpira ukampita. Orhani aliizima kompyuta, akaikunja, akatoka nayo, na skafu akaisahau juu ya benchi. Mimi ndiye niliyeiona. Nilimpa mjomba, na mpaka leo natamani ningemkimbilia mwenyewe njiani.

Kesho yake mjomba alifanya kile ambacho mtani mwema yeyote angefanya. Alikata shina la mgomba lenye urefu wa mtu, akalivika shuka jeupe, akalifunga ile skafu mahali ambapo pangekuwa shingo, na pamoja na wateja wanne wa kibanda wakalibeba mabegani mpaka kwenye geti la kambi, saa ya mapumziko ya chakula. Walilia kwa sauti, wakamtaja marehemu kwa jina la timu, wakamuuliza golikipa kwa nini amemuua mwenzie. Mimi nilikuwa mbele nikipiga kopo, na kusema kweli nilifurahi sana. Vibarua walitoka wakicheka, wakaungana na kilio. Kisha Orhani akatoka. Alitazama lile shina lililolazwa chini, akapiga magoti, akaifungua skafu taratibu, akaikunja mara nne, akarudi ndani. Mjomba akageuka kwetu akiwa na tabasamu pana, akasema huyo amekwenda kupanga kisasi, na sisi tujiandae.

Tulijiandaa Jumapili ya kwanza na ya pili. Mjomba alikuwa akichungulia nje kila mara, akitarajia kuona Waturuki wamebeba kitu cha kumwaibisha. Hakuja mtu. Jumapili ya tatu mkalimani wa kambi, kijana wa Kitanzania aliyekuwa akija kula kwa mama, alituambia mbele ya sahani yake jambo ambalo hatukulijua. Baba yake Orhani alikuwa mtunza uwanja wa timu ile. Alikata majani ya uwanja ule na kuchora mistari yake ya chokaa tangu Orhani akiwa mtoto mpaka alipokufa, na alikufa mwaka uliopita, Orhani akiwa huku kwetu kwenye reli. Kwao maiti huzikwa haraka. Alipopata habari, baba alikuwa ameshafukiwa. Skafu ile ilikuwa ya baba. Mjomba alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye benchi alilokuwa akikaa Orhani. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye alikuwa amejikwaa vyote, maana alikuwa amembebea mtu maiti ya baba yake hadi kazini kwake na kumwita atoke aione.

Alikwenda getini mara tatu. Mara zote aliambiwa fundi ana kazi. Sijawahi kumwona mtu mzima akipungua hivyo. Kibanda aliendelea kukifungua, mechi za kwetu akaendelea kuzionyesha, lakini mahali pa Orhani kwenye benchi aliweka kopo la rangi mtu asikae. Alikuwa mjane, hana mtoto, na nilianza kuelewa kwamba wale wote waliokuwa wakijaa mle ndani walikuwa wateja wake, rafiki alikuwa mmoja. Niliogopa kwamba Orhani hatarudi tena na kwamba kosa lilikuwa langu, mimi niliyeokota ile skafu na kupiga lile kopo. Nikamweleza mama nikilia. Mama hakunituliza sana. Alifuta mikono kwenye kanga, akamwita mkalimani, akamtuma kwa maneno machache ambayo aliyarudia mara mbili ili yasipotee.

"Mwambie Orhani kwamba mjomba wa huyu mtoto hakumcheka. Kwetu anayekulilia kwa mzaha ndiye atakayekuzika kwa kweli. Alidhani amemwambia akaelewa."

Mkalimani alirudi akasema ujumbe umefika, na fundi amerudi kazini. Katikati ya kipupwe bibi yetu, mama mzazi wa mama na mjomba, akafariki Kinole. Tulipanda mlima siku ile ile, barabara ikiwa na ukungu, mashamba ya ndizi yametulia, na kwenye nyua za watu karafuu zimeanikwa kwenye mikeka. Mjomba alikuwa mwanaume pekee wa kwao, hivyo kila neno lilimngoja yeye: kaburi lichimbwe wapi, nani aseme, chakula kitatoka kwa nani. Aliyafanya yote bila kutoa chozi, na wazee walianza kunong'ona kwamba hilo si jambo jema. Watani wa ukoo walikuwa mbali, wengine wazee mno kupanda, na vijana wao wako Dar. Siku ya maziko jeneza lilibebwa mabegani kwenye kijia chembamba kinachokwenda makaburini, katekista mbele, sisi wanawake tukiimba nyuma. Pale penye kona, katikati ya njia, tulimkuta Orhani ameketi chini. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope jekundu na alikuwa anahema. Mkalimani alikuwa amesimama kando yake, amejiinamia kwa aibu, akitazama migomba.

"Hapa hapiti," Orhani akasema. "Bibi huyu mimi simjui. Hajanipa ndizi hata moja. Mimi nimepanda mlima, miguu imekufa, na yeye amelala, anabebwa. Hapiti."

Vijana wawili wa kijijini walisogea kumwondoa. Bibi mmoja mzee kabisa, rafiki wa marehemu, akawazuia kwa fimbo yake, akasema mwacheni, huyo ni mtani, na akapiga kigelegele chembamba kilichowashtua watu wote. Mjomba alikuwa amebeba upande wa mbele. Alimtazama Orhani kwa muda mrefu, jeneza likiwa begani.

"Unataka nini, mtani?"

"Kofia."

Mjomba alivua kofia yake kwa mkono uliokuwa huru, akamtupia. Orhani aliivaa, ikamkaa juu juu kwa sababu kichwa chake kilikuwa kikubwa, watu wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho mjomba akaanza kulia, kilio cha sauti ambacho kilikuwa kimengojwa siku mbili. Orhani akainuka, akaingiza bega lake chini ya jeneza upande wa pili, wakaenda. Kaburini hakumwachia mtu mwingine koleo. Alifukia mpaka mwisho, na baadaye nilisikia wanaume wakisema kwamba Mturuki anajua kushindilia udongo.

Jioni ile, tukiwa tumekaa nje kwenye mikeka, Orhani alimsimulia mjomba habari za baba yake kwa kinywa chake mwenyewe. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ni mzee wa namna gani huyo, anakata majani maisha yake yote, majani yanapendeza, na timu inashuka daraja. Si angeiacha tu ile nyasi iote, wapinzani wapotelee humo? Mkalimani aliogopa kutafsiri. Orhani alikuwa ameshaelewa. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akafunika uso kwa ile kofia akakaa hivyo, na mjomba akawa anampapasa mgongo. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba mzee wa Bahari Nyeusi alikuwa anazikwa pale, Kinole, kwa mara ya pili, na safari hii mwanawe alikuwepo.

Reli ilikamilika na Waturuki wakaenda zao, Orhani pamoja nao. Mimi sasa nasoma chuo Dar es Salaam, na treni hiyo hiyo hunirudisha Morogoro kwa chini ya saa mbili, safari ambayo zamani ilimaliza nusu siku. Vibanda umiza vipo bado, ila watu wengi hutazama mechi kwenye simu, kila mmoja na kijiskrini chake, na timu ikifungwa hutukanana mitandaoni na watu ambao hawatakutana nao maisha. Nimesoma matusi humo ambayo mtani wa kweli asingeyatamka, na ninapoyasoma najiuliza swali moja tu: huyu anayemcheka mwenzake, yuko tayari kumbebea jeneza? Sisemi zamani ilikuwa bora. Kibanda kilivuja, mabenchi yaliturarua, na sisi ndio tuliomwumiza mgeni wetu kuliko mtu yeyote wa mtandaoni. Lakini tulijua pa kumfuata, na yeye alijua pa kutukuta.

Timu ya Orhani ilipanda tena daraja, ikashuka tena. Yeye na mjomba hupigiana simu baada ya mechi, wakitukanana kwa Kiswahili kibovu cha upande mmoja na Kituruki kibovu cha upande wa pili. Mwaka jana Orhani alisema daktari amemkuta na maradhi ya moyo. Akasema pia kwamba kwao wana heshima nyingi sana msibani, watu watakaa kimya, na yeye hataki kuondoka kwenye kimya kile. Mjomba hajawahi kuvuka Dar es Salaam. Ndege anaziona zikipita juu. Likizo iliyopita nilikwenda kumsalimu, nikamwamkia shikamoo, naye bila kuitikia marahaba akanionyesha pasi ya kusafiria, mpya, bado inanuka wino, na picha yake ndani amekunja uso. Alipokwenda kuiomba, alinisimulia, ofisa alimuuliza anasafiri kwa shughuli gani, naye akasema anakwenda kuzika. Ofisa akampa pole, akamuuliza marehemu ni nani yake.

"Nikamwambia bado hajafa, mwanangu," mjomba akasema, akiirudisha pasi sandukuni. "Nawahi tu."